Majeruhi Alikuwa Ameinama

Jirani, kabla hujaniuliza mguu unaendeleaje, tuwekane sawa. Sikugongwa na basi. Sikugongwa na lori la mchanga. Nasema mapema maana kila anayeniona anaweka uso wa msiba, anashika kifua, anauliza, "Lilikuwa gari gani?" Nikisema IST, uso unalegea. Nikisema ilikuwa rivasi, anageukia pembeni asicheke. Nikifika kwenye jero, basi tena, heshima imekwisha.

Ilikuwa Jumapili, kagiza kanaingia, hapa hapa Mbagala, mbele ya kibanda cha chipsi. Mama watoto kanituma chipsi kavu mbili. Nimelipa, nimerudishiwa chenji, sarafu ya jero ikanichoropoka. Ikabingirika. Jero ukiwa nazo nyingi inaanguka inatulia. Ukiwa nayo moja inapata miguu. Ikapita chini ya benchi, ikaambaa na mtaro, ikaenda kujilaza nyuma ya IST ya kijivu iliyopaki kwenye nyumba yenye sherehe ya kipaimara. Nikainama. Mama mwenye IST naye ndiyo anatoka kwenye kipaimara, kashiba pilau, kaweka gia ya nyuma. Gari likaja taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi. Likanisukuma makalio. Mguu ukabaki kwenye mtaro, mwili ukaenda upande wake. Kifundo kikalia ka! Kama kuni kavu.

Muuza chipsi anasema aliniita mara tatu. Ni kweli nilimsikia. Nilidhani ananidai.

Basi watu wakajaa. Na watu wakijaa, kila mmoja ni daktari. Mmoja anasema nivutwe mguu. Mwingine anasema nipewe maji ya sukari. Mzee mmoja wa makamo akapiga kelele, "Msimguse, mpelekeni polisi kwanza akachukue PF3!" Nikapakiwa kwenye bajaji, mguu juu ya mapaja ya kijana nisiyemjua, chipsi mkononi. Chipsi sikuziacha. Nilishalipia.

Kituoni afande wa zamu alikuwa mtu mpole tu. Shida ni maswali yake.

"Gari lilipokugonga ulikuwa unafanya nini?"

"Nimeinama, afande."

"Umeinama unafanya nini?"

"Naokota."

"Unaokota nini?"

Nikakaa kimya kidogo. "Hela."

"Kiasi gani?"

Jirani, kuna maswali hayafai kuulizwa mwanaume mwenye familia. Nikamjibu. Akaweka kalamu chini. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, "Hebu njoo usikie." Nikarudia. Wakanipa pole, wote wawili, kwa sauti za kutetemeka, halafu akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani: majeruhi alikuwa ameinama.

Sikujua kwamba pale nilikuwa nabatizwa jina. Sentensi ile imenifuata kila ofisi niliyoingia. Kila karatasi inayotoka inanakili karatasi iliyotangulia, na zote zimeinama.

Na hiyo PF3 yenyewe nilikuwa sijui ni nini. Nilidhani ni kama tiketi ya daladala, ukishafika unatupa. Kumbe ni karatasi yenye maisha yake. Polisi anajaza sehemu yake, daktari anajaza yake, anaeleza umeumia wapi na kwa kiasi gani, halafu inarudi kwa polisi, na huko mbele mahakama na watu wa bima wote wataiulizia. Mimi niliifungia chipsi. Mpaka leo ina duara la mafuta pale pa jina langu. Ofisi moja waliniuliza kama ule ni mhuri.

Hospitali nilipokelewa na dokta kijana, umri wa kuzaliwa na mimi. Akanipiga picha, akaniita nione. Kifupa cha nje cha kifundo kimepasuka. Akaniambia nina bahati, mfupa bado uko mahali pake, hauhitaji vyuma. Nitafungwa hogo. Halafu akaanza kunipa maelezo. Usikanyagie. Inua mguu ukilala. Vidole vikibadilika rangi au vikifa ganzi, njoo mbio hata usiku. Baada ya wiki 2 urudi upigwe picha nyingine, tuone kama mfupa haujahama. Wiki 6 hogo linatoka. Halafu mazoezi ya viungo. Usiyaruke mazoezi. Mimi naitikia, "Sawa dokta, sawa dokta." Nilipofika nyumbani mama watoto akaniuliza dokta kasemaje. Nikamwambia kasema nipumzike.

Siku 3 za kwanza nilikuwa mfalme. Uji kitandani. Watoto wananipepea. Siku ya nne muwasho ukaanza.

Kama hujawahi kufungwa hogo, muwasho wa humo ndani usiombe. Unawasha mahali ambapo mkono haufiki, mke hafiki, hata dua inachelewa kufika. Nilijaribu kupuliza. Nilijaribu kugonga kwa nje kama mtu anayechagua tikitimaji. Usiku wa tano nikaona kijiko cha chai juu ya meza. Kikaniangalia. Nikakichukua, nikakiingiza kwa juu, upande wa mpini. Jirani, raha niliyoipata sitaieleza, kuna watoto wanasoma. Nikasogeza kidogo. Nikasogeza tena. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, nilikuwa nimeshika hewa.

Nikatikisa mguu. Kikazidi kushuka. Nikaning'iniza mguu juu ya kitanda kichwa chini, kama mtu anayemwaga unga wa mwisho kwenye kiroba. Hakuna. Kimekwama huko kwenye unene wa kigimbi, kimetulia, kimepata nyumba.

Asubuhi mama watoto anaosha vyombo. Namsikia anahesabu. Akahesabu tena. "Hivi vijiko si vilikuwa sita?" Vijiko vyenyewe ni vya kicheni pati yake. Havijawahi kupungua tangu tumeoana. Nikanyamaza. Mchana akasema mwizi ni dada yangu, ndiye aliyekuja kuniona juzi na pochi kubwa. Nikanyamaza. Jioni wamepigiana simu, wamekatiana simu, ukoo umegawanyika. Mimi nimelala na ushahidi mguuni.

Sasa unaniuliza kwa nini sikurudi kliniki baada ya wiki 2. Nyumbani nilisema mvua. Nikasema nauli. Kazini nikasema foleni. Ukweli ni kijiko. Ningemwambia nini yule dokta mtoto? Nikajiambia, mfupa ulikuwa mahali pake, uende wapi? Utabaki pale pale, kama mimi.

Mama mkwe akasikia kwamba mkwe wake haendi hospitali. Akafurahi. Yeye hospitali hakuziamini tangu mwanzo. Akaja kutoka Mkuranga na mganga wa mifupa, mzee mwenye kofia safi na mfuko wa rambo. Mzee akakaa. Akaomba kimya. Akaugonga hogo kwa kidole, juu, katikati, chini. Katikati pakalia: ti!

Akaweka sikio. Akagonga tena. Ti!

"Kuna kitu humu," akasema.

Moyo wangu ukasimama.

"Ni chuma. Huyu katupiwa."

Mama mkwe akajifunika kanga uso. Mama watoto akaanza kulia. Majirani waliokuwa dirishani wakaitana. Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua ni nani aliyenitupia, na sikuweza kusema kwa sababu dada yangu alikuwa ameshaitwa mwizi na sasa wameanza kumwita mchawi. Mzee akasema kukitoa ni 30,000, nusu sasa. Mama mkwe akatoa yote. Nikapakwa mafuta ya nyonyo gotini, nikaambiwa kitatoka chenyewe usiku. Nikaitikia amina. Akaniandikia na cheti kwenye karatasi ya daftari: mgonjwa anaendelea vizuri, asile samaki asiye na magamba.

Hicho cheti ndicho nilichokipeleka kazini. Ndiyo, cheka. Dada wa utumishi alikisoma mpaka mwisho, akakigeuza kuona kama kuna mhuri nyuma, akanirudishia kwa ncha za vidole. Ndipo akanieleza kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza mshahara wote, 63 zinazofuata nusu. Lakini mwajiri ana haki ya kutaka cheti cha daktari anayetambulika, na mzee wa mafuta ya nyonyo, kwa heshima zake zote, hatambuliki. Miaka 11 niko pale stoo, nilikuwa najua ugonjwa unalipwa siku 3, ya nne unafukuzwa.

Nikaona nimpime. "Na ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi je?" Neno hilo nilipewa kijiweni. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, ulikuwa kazini?" Nikasema hapana, Jumapili. "Ulitumwa na ofisi?" Nikasema nilitumwa na mama watoto. Akasema ule Mfuko ni wa aliyeumia akiwa kazini au kwa sababu ya kazi. Nikasema kuishi na mama watoto nako ni kazi. Akanifungulia mlango.

Nikarudi hospitali siku ya 33. Siku 19 baada ya tarehe yangu. Dokta akafungua kadi, akanitazama, hakusema kitu, akaniandikia picha. Picha ikatoka kwenye kompyuta. Mfupa sikuuona. Kijiko nilikiona. Kimelala pale kimenyooka, kinang'aa kuliko kitu chochote mwilini mwangu, hata ua lililochongwa kwenye mpini linaonekana.

Ilikuwa siku ya wanafunzi. Walikuwa saba. Dokta akawauliza, "Mnaona nini?" Wa kwanza akajibu kwa Kiingereza kirefu. Wa pili akaongeza Kiingereza kingine. Binti mmoja wa nyuma, mkweli kabisa, akasema, "Kijiko cha chai."

Hogo likakatwa kwa ile mashine inayolia kama ya fundi aluminiamu. Kijiko kikatoka. Pamoja nacho kikatoka kidonda, maana kilikuwa kinasugua pale pale kwa mwezi mzima. Dawa za viuavijasumu, kusafishwa kila baada ya siku 2. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mfupa ulikuwa umehama. Si sana, milimita chache, na umeanza kuungana hivyo hivyo ulivyohama. Dokta akanieleza kwa utaratibu, kidole kwenye picha: ningekuja wiki ya pili, wangeuona unaanza kuhama, wangeurudisha. Sasa wataangalia tu unavyokwenda, na inawezekana kifundo kisikunje kama zamani. Hakunifokea. Heri angefoka. Aliandika tu: mgonjwa hakuhudhuria kliniki. Nikawa na sentensi mbili.

Kijiko nilikirudisha nyumbani. Nilikiosha kwa maji ya moto, nikakiweka kabatini kimya kimya. Mama watoto akahesabu, vikatimia sita. Akamwambia mama yake dawa ya mzee imefanya kazi.

Tuje kwenye hela, maana najua ndiyo unayoisubiri.

Mama wa IST hakuwa mtu mbaya. Alilipia picha ya kwanza. Alikuja kunitazama na supu ya kongoro, mara mbili, na mara ya pili alikuja na shemeji yake mwenye bahasha. Ndani kulikuwa na 50,000 na karatasi iliyoandikwa kwamba nimesamehe na sitadai chochote, leo wala kesho. "Tuyamalize kifamilia," akasema. Mimi na supu ile ningesaini hata talaka. Nimeshashika kalamu, kinyozi wetu akaingia kuniletea salamu za kijiwe. Akaisoma ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni mwake. "Dada, gari lako lina bima?" Mama akasema anayo, ila ni bima ndogo.

Nikakata tamaa. Jirani, mimi nina miaka 43 na siku zote nilijua bima ndogo ni ya majeraha madogo, na bima kubwa ni ya majeraha makubwa. Nikaanza kujuta mguu haukukwaruzika tu. Kinyozi akanitazama kama anavyomtazama mteja mwenye mapunye. Akasema bima ndogo ndiyo hasa ya watu kama mimi. Kwenye bima kubwa mwenye gari anajikingia na gari lake. Ndogo inasimama kwa ajili ya yule mwingine, wa barabarani, aliyegongwa akauawa au akaumizwa, na sheria inamlazimisha kila mwenye gari awe nayo. Kwa gari dogo la binafsi watu wanalipa 118,000 kwa mwaka, laki moja ya bima na elfu kumi na nane ya VAT. Miaka yote nilidhani zile hela ni za kumfanya trafiki asikuandikie. Kinyozi akachukua simu, akaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, stika ikaja, hai, na jina la kampuni. Mama wa IST mwenyewe akashangaa. "Kumbe wanalipa?" Sikuwa mjinga peke yangu.

Kutoka siku hiyo kijiwe kizima kikawa na hisa kwenye mguu wangu. Mmoja ananiambia nisipone haraka. Mwingine anasema nikienda ofisi ya bima nivae shati lililochanika. Na kweli hesabu yenyewe inachanganya: nikipona, fidia inapungua. Nisipopona, siku 63 zinaisha nakula nusu mshahara. Nikawa naamka asubuhi naukagua mguu sijui niuombee nini.

Ndipo nikakutana na kishoka. Alikuwa getini hospitali, suti, faili chini ya kwapa, viatu vya ncha. "Shikamoo mzee, pole na ajali." Mzee! Akajua habari yangu yote, mpaka IST. Akasema yeye ni afisa wa madai, atafuatilia kila kitu, nikae nyumbani, tutagawana asilimia 40. Nikauliza 40 ni yangu au yake. Akacheka, akasema mzee una utani. Mpaka leo sijajibiwa. Nikampa picha zangu za X-ray, orijino, na 20,000 ya kufungulia faili. Namba yake kuanzia jioni ile haipatikani. Nachojua ni kwamba kuna mtu Dar es Salaam hii anatembea na kijiko changu kwenye faili lake.

Aliyeniokoa ni msaidizi wa kisheria wa kata, binti mmoja ana ofisi ya meza moja na kiti kimoja, wewe unasimama. Kwa sheria ya mwaka 2017 ya msaada wa kisheria watu hawa wamesajiliwa na huduma yao ni bure, na mimi nilikuwa nampita kila siku nikidhani anauza vocha. Akaniambia niache ujinga wa kijiwe. Akanieleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza: faili la hospitali na faili la fidia ni faili moja. Kila kliniki niliyokwenda inazungumza kwa niaba yangu. Kila niliyoikacha inazungumza kwa niaba ya kampuni. Na hesabu ya mwisho haifanyiki mpaka daktari aseme matibabu yamefika mwisho na mguu umebaki na upungufu gani, kwa hiyo nikitaka hela nitangulie kupona.

Nikamwambia kuhusu kijiko. Aliinamisha kichwa mezani kidogo, mabega yakawa yanatikisika. Alipoinuka akasema, "Baba, mwambie dokta ukweli wote. Na bima wakiuliza, waambie hivyo hivyo."

Halafu akaniandikia orodha. PF3. PF90. PF93. PF115. Nikamwambia dada, hizi ni fomu au njia za daladala? Ramani ya eneo la ajali. Ripoti ya ukaguzi wa gari. Hati ya mashtaka. Hukumu. Ripoti ya daktari. Risiti zote. Nikauliza risiti za nini. Za dawa, za picha, za usafiri. Nikaenda kumdai risiti ya EFD yule kijana wa bajaji. Aliwaita wenzake, kama afande.

Ramani niliiona. Imechorwa vizuri mno. Kuna barabara, kuna mtaro, kuna boksi limeandikwa gari, na nyuma ya boksi kuna kialama kilichopinda. Nikauliza hiki ni nini. Wakaniambia ni wewe.

Mahakamani nilivaa suti ya harusi, suruali imepasuliwa mguu mmoja. Nilikuwa nimekariri ushahidi wangu wiki nzima. Mama wa IST akakiri kosa kabla sijaitwa. Yakasomwa maelezo ya kosa, na mle ndani kuna majeruhi, na majeruhi alikuwa ameinama akiokota shilingi 500. Chumba kikaguna. Mheshimiwa hakimu akainua macho juu ya miwani. "Aliipata?" Karani akapekua. Haikuandikwa. Nikainua mkono nikasema hapana mheshimiwa, iliokotwa na mtoto wa jirani. Akaagiza tuendelee. Faini ikalipwa, dakika kumi zikawa nyingi. Nilipata hukumu. Ushahidi wangu ninao mpaka leo kichwani, mzuri, haujatumika.

Nikaanza mazoezi ya viungo. Siku 3 kwa wiki, sikukosa hata moja, nilikuwa nimeshika adabu. Dada wa mazoezi ni mpole wa sura tu. Ananikunja kifundo huku ananiuliza habari za watoto. Halafu akaja na zoezi la gololi. Anamwaga gololi 20 sakafuni, unavua kiatu, unaziokota moja moja kwa vidole vya mguu unatia kwenye kopo. Nikamuuliza kama amesoma faili langu. Akasema hajalisoma. Basi, mimi ni mtu wa kuokota tu, Mungu ndivyo alivyonipangia.

Lakini nikalipenda. Nikawa nafanya na nyumbani. Gololi, vifuniko vya soda, punje za mahindi. Watoto wa mtaa wananiwekea dau. Mwezi wa tatu nilikuwa naweza kuokota sindano. Kifundo bado hakikunji vizuri, ngazi nashuka kama kaa, nikikaa muda mrefu kinavimba. Ila vidole, vidole nilikuwa navyo.

Dokta akaandika ripoti ya mwisho. Ulemavu wa kudumu, asilimia 5. Nikamuuliza asilimia 5 ya mguu ni kidole kipi. Akaniambia nisiulize, nipeleke.

Basi Jumanne hii ndiyo nikaitwa ofisi ya bima. Kiyoyozi, zulia, maji ya chupa. Afisa madai ni kijana nadhifu, kanipa kiti, kafungua faili langu. Nene kama msahafu. Akaanza kusoma kimya. Alipofika mahali fulani akaangalia kiuno changu. Nikajua kafika kwenye kuinama.

"Mzee, hapa kuna siku 19 hukuonekana hospitali."

Nikamwambia ukweli.

Akarudi nyuma kurasa tatu. Akainua nakala ya picha niliyoinunua baada ya kishoka kutokomea na orijino. "Na hiki kijiko. Kilikuwepo mguuni kabla ya ajali au baada?"

Nikamwambia ukweli tena. Akaandika kwa muda mrefu.

"Na hii 30,000 ya mtaalamu wa kutoa chuma, risiti ya EFD ipo?"

Nikamwambia hiyo waifute.

Akasema vizuri. Akasema kidonda na kuhama kwa mfupa vina mjadala, ila kuvunjika kwenyewe na ule ugumu wa kifundo hawana ubishi, asilimia 5 ya daktari wanaiheshimu, watanitajia kiasi, na nisiporidhika yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ni haki yangu kwenda. Akaongea kama mtu na mtu. Nikaanza kumpenda. Akasema lililobaki ni dogo, ajaze tu hali ya mguu ilivyo leo kwa kuniangalia. Akachukua kalamu. Ikamponyoka.

Ikabingirika chini ya meza, ikaja kusimama mbele ya miguu yangu.

Tukaitazama wote wawili. Akanitazama mimi. Nikaona macho yake yanavyosubiri, na kule kwenye meza ya pili dada mmoja ameacha kuchapa. Nikasema moyoni, leo siinami. Hata wanipe milioni, kwenye jengo hili mimi siinami.

Nikavua kiatu. Nikanyoosha mguu, ule ule wa kulia. Nikaishika kalamu kwa vidole viwili, kwa ncha, nikaipandisha taratibu bila kutetemeka mpaka ukingoni mwa meza.

Yule dada akapiga makofi.

Kijana akaipokea kalamu kutoka mguuni. Akaifuta kwa tishu. Akaandika.